Mwanyumba Wangu, Injini ya Pijo na Wivu Wangu

Jumamosi jioni, Busia. Mvua imenyesha tangu mchana, imekatika sasa hivi, imetuachia matope mpaka mlangoni. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Kenya yamezima injini zao na mtaa umetulia. Nimeoga mara mbili lakini kucha bado nyeusi. Nimekaa na chai, nimeandika mwanzo nikaufuta, nikaandika tena nikaufuta tena. Basi niseme tu jambo lilivyo.

Nina wivu na mwanyumba wangu.

Si wivu wa leo. Mke wangu ni Athieno, Owora amemwoa dada yake, na tangu nilipoanza kwenda kwa wakwe zetu kule Kirewa, kijicho kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Si kwamba ana mali kuliko mimi. Yeye ni fundi wa malori ya saruji mjini Tororo, mimi nauza injini kuukuu hapa Busia upande wa Uganda, wote tunakula kwa spana. Wala si kwamba mke wake ni mzuri kuliko wangu, Mungu ni shahidi. Wivu wangu ni wa kitoto, na ndiyo maana naona haya kuusema: pale ukweni Owora anatumwa, mimi situmwi.

Ngoja nieleze. Owora alizaliwa boma la jirani. Alichunga ng'ombe na mashemeji zetu, akala kwenye sufuria moja nao, na mama mkwe alimjua akikimbia uchi na kamasi puani. Alipokuja kumwoa binti wa pale, ile miiko ya ukwe ilishindwa kumshika. Utaanzaje kumwonea haya mtu uliyemfuta kamasi? Mimi nimetoka Majanji, Msamia, mtoto wa wavuvi. Nilifika pale nikiwa mtu mzima, na koti.

Na kwao kama kwetu, mkwe wa kiume ni mtu wa kuheshimiwa mpaka basi. Havui koti mbele ya mama mkwe. Halali chini ukweni hata akiumwa kichwa. Hatumwi. Mama mkwe hasemi naye uso kwa uso, maneno yanapitia kwa binti: "Mwambie mgeni chakula tayari." Nina watoto wanne na binti yake, Nafula na wadogo zake, na bado mimi ni mgeni. Kiti changu ni kile chenye mto, barazani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku yangu ya tatu imegoma kufika.

Owora yeye anafokewa. "Owora! Kuni!" "Owora, ng'ombe imetoka, wewe nakaa tu!" Anaambiwa tumbo lake litavunja mlango. Naye anacheka, anajibu kwa lugha yao, Kidhopadhola cha haraka, wote wanaangua kicheko, na mimi natabasamu kwa kuchelewa kwa sababu nimeshika neno moja tu kati ya kumi. Ndiyo, jamani. Namwonea wivu mtu kwa sababu anatukanwa.

Sasa ya leo.

Baba mkwe, Mzee Oketcho, ana pikapu ya Pijo 404. Zamani ilibeba pamba na wimbi mpaka sokoni Tororo. Mke wangu alizaliwa ndani yake, njiani kwenda hospitali, usiku, ndiyo akaitwa Athieno. Kisha bloku ya injini ilipasuka, gari likaingizwa kwenye banda la mabati karibu na jiko, na kuku wakalifanya lao. Limekaa hapo miaka na miaka. Kesho Jumapili wazee wana misa ya shukrani, miaka hamsini ya ndoa, na mzee ameomba kitu kimoja tu kwa watoto wake wote: aende kanisani na mke wake kwenye pikapu yao, ikitembea yenyewe, si kwa kuvutwa na kamba.

Na injini kuukuu ni kazi yangu! Wacha nijisifu kidogo, shajara ni yangu. Watu wanatoka mbali kuniletea injini isiyo na jina wanikute nikinywa uji, waniulize, "Fundi, hii ni nini?" Wengi wanadhani silinda nne ni silinda nne, zote mama mmoja. Wapi! Chukua 4K na 2T, zote za Kijapani, zote za zamani. Kwenye 4K kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, zimebanana kama wake wenza kwenye nyumba moja. Kwenye 2T kabureta iko huku, ekzosi iko kule, na injini imekaa katikati. Chukua 12R na 18R. Fungua kifuniko cha juu tu. Ukikuta shafti ya vali imelala hapo hapo juu, hiyo ni 18R. Usipoiona, iko chini ndani ya bloku, hiyo ni 12R. Na Pijo huwezi kuichanganya na injini yoyote, maana imelala ubavu ndani ya gari kama mtu aliyeshiba.

Shida ni kutofautisha Pijo na Pijo. Injini ya 404 na ya 504 ni mtu na mdogo wake. Zimelala vilevile, plagi zimezama kwenye matundu marefu vilevile, na ukizipaka grisi na vumbi la Tororo hata mama yao angekosea. Mafundi wengi wanaangalia injini imetoka kwenye gari gani. Imetoka kwenye 404, basi ni ya 404. Hapa mpakani hayo ni makosa ya kila siku, kwa sababu hapa gari moja linaweza kuwa limebadilishwa injini tangu babu hajaota mvi.

Mzee alimwambia nani atafute injini? Owora. Mtu wa dizeli, wa malori ya magurudumu kumi! Mimi nilikuja kusikia kwa Athieno, injini ikiwa imeshanunuliwa na imeshafungwa. Nikamuuliza kwa nini baba hakuniambia mimi. Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unachoma.

"Wewe ni mkwe. Baba atakutumaje?"

Chakula cha siku ile sikukigusa.

Leo asubuhi tumefika Kirewa na mchele, mafuta na samaki wa kesho. Nikakalishwa kwenye kiti changu. Nikapewa soda. Mzee akaja na kofia yake ya kanisani ingawa kanisa ni kesho, Owora akaingia garini akiwa kifua wazi, akawasha. Likaguna, likakohoa, likashika. Vigelegele! Athieno na dada yake walicheza mpaka leso zikadondoka. Mzee alivua kofia akasimama tu. Na mimi nilipiga makofi, kwa adabu, nimeketi.

Lakini masikio yangu hayakuwa kwenye sherehe. Injini ya 404 ikiwa imetulia inapiga haraka haraka, kama mama anayewahi soko. Hii ilikuwa inavuta, nzito, pistoni zinakwenda mbali kabla ya kurudi. Nikajiambia: Wandera, hii ni 504.

Owora alinijia akifuta mikono, meno yote nje. Nikamuuliza kwa upole imetoka wapi. Akasema kwenye 404 iliyokatwa vyuma Tororo, aliiona kwa macho yake ikitolewa. Namba yake je? Imefutwa kwa tupa, kama kawaida ya mpaka. Na gasketi ya hedi? Akajipiga kifua. Gasketi mpya, ya 404, ameifunga mwenyewe jana kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inavuja.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wenyewe. Gasketi ya hedi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya bloku na kifuniko chake, ina matundu manne, moja kwa kila silinda. Tundu la 404 ni milimita themanini na nne. Kuna 504 yenye silinda pana zaidi, themanini na nane. Ukiifunga hiyo kwa gasketi ya 404, ukingo wa gasketi unabaki umening'inia ndani ya silinda, kwenye moto. Gari litawaka vizuri, litanguruma, litakwenda kidogo. Kisha ukingo unaungua, maji yanaingia kwenye silinda, na gari linasimama na mvuke mweupe. Kutoka kwa mzee mpaka kanisani kuna kilima.

Shetani akanipitia. Nikakaa kimya.

Niliiona kesho. Gari limekufa katikati ya kilima, kwaya imesimama kando, waumini wote wanatazama, na Owora ameinama ndani ya boneti na jasho. Na mzee anageuka kunitafuta mimi. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi, na soda ikawa tamu kuliko ilivyokuwa.

Na nilikuwa na kisingizio, tena kizuri. 504 ziko za aina mbili. Ile ndogo ina silinda za upana uleule wa 404, na gasketi ya Owora ingeikaa sawasawa bila neno. Kwa nje hazitofautiani, huwezi kujua mpaka ufungue hedi. Nani atafungua hedi ya gari linalonguruma, siku moja kabla ya misa, kwa sababu ya sikio la mtu mmoja? Tukifungua tukakuta ni ile ndogo, mimi ndiye mkwe aliyeivunja furaha ya wazee kwa kijicho. Na kusema kweli sikujiamini. Sikujua kama nimesikia injini, au ni wivu wangu tu uliotaka kusikia kosa la Owora.

Aliyeniondoa kwenye kile kiti ni mama mkwe. Watu walipotawanyika, alitoka jikoni na kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Akafungua mlango wa gari, akakitandika kitini, akakilainisha kwa kiganja. Kisha akaingia. Akakaa peke yake, mikono mapajani, anaangalia mbele utadhani gari linatembea na watu wanampungia. Hakujua kwamba namwona. Nikageuza uso, kama inavyotakiwa. Nikajiona mshenzi wa mwisho.

Nilimwita Owora nyuma ya ghala nikamwambia yote. Akacheka mpaka tumbo likatetemeka.

"Mwanyumba, gari nanguruma hivi, wewe nasema iko gonjwa? Sema tu roho inakuuma."

"Roho inaniuma," nikamjibu. "Na injini ni ya 504. Yote mawili ni kweli."

Nadhani hakutegemea jibu hilo. Akaacha kucheka.

Nikaomba spoku ya baiskeli, nikachukua rula ya chuma ambayo haitoki garini mwangu. Kazi hii ni rahisi, inataka watu wawili tu. Tuling'oa plagi. Nikatumbukiza spoku kwenye tundu la silinda ya kwanza mpaka ikagusa kichwa cha pistoni. Owora akazungusha injini kwa hendeli ya mbele, polepole. Spoku ikapanda mpaka ikagoma, nikaweka alama. Akazungusha tena, ikashuka mpaka ikagoma, nikaweka alama nyingine. Umbali kati ya alama hizo ndio safari ya pistoni. Kwenye 404 ni milimita sabini na tatu. Nikampa Owora rula asome mwenyewe.

Themanini na moja.

Akapima tena. Akapima silinda ya pili. Namba ileile.

"Iko 504," akasema. "Lakini ile kubwa ama ile ndogo?"

"Sijui. Mpaka tufungue."

"Na ukikosea?"

Nikamwambia nikikosea nitasimama kesho mbele ya watu wote niseme ni mimi, na ni kwa sababu ya wivu. Akanirudishia rula. Kisha akaenda kumwambia mzee, kwa lugha yao, na sikuelewa alisema nini. Mzee aliuliza swali moja. Owora akaninyooshea kidole. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, hakutaka kuona.

Nikampigia jirani yangu wa duka hapa Busia, akamtuma bodaboda na gasketi ya 504 kubwa, kaifunika kwa nailoni, maana mvua ilikuwa imeanza. Tukaanza kufungua. Na hapo tukakwama mahali ambapo fundi mwingine yeyote asingekwama. Bomba la ekzosi lazima lifunguliwe kutoka chini. Mtu alale chali chini ya gari. Owora alijaribu. Tumbo likakataa. Tukainua kwa jeki, likakataa tena, na kupandisha jeki zaidi kwenye udongo uliolowa ni kutafuta msiba. Akachomoka akihema, akaniangalia, akaliangalia koti langu.

Athieno alikuwa ameshasoma mawazo yangu. "Usithubutu, Baba Nafula! Mama yuko jikoni hapo hapo!"

Nikavua koti. Nikamkabidhi. Nikatandika gunia, nikalala chali kwenye mji wa wakwe zangu.

Sijui nieleze vipi. Mtu asiye wa huku atasema, si kulala tu chini ya gari? Mimi ambaye nalala chini ya magari kila siku ya Mungu, spana ilinidondoka mara mbili. Juu yangu Owora alikuwa anafungua nati za hedi, na kwa kuwa hatukuonana uso, akaanza kusema.

"Unajua mimi hapa sijawahi kuchinjiwa kuku?"

Nikaendelea kuhangaika na nati ya bomba.

"Kuku nachinjwa wewe ukija. Firigisi inapita hivi mbele ya pua yangu, inakwenda kwa mgeni. Mke wangu naniuliza, wewe iko mkwe, ama iko mtu wa kazi?" Nati ikalia. "Kila mwaka mimi nasema, huyu Msamia anakula nini kwa roho, mpaka wanamheshimu hivi."

Nililala pale na kutu ikinidondokea machoni, nikifikiria firigisi zote nilizokula barazani pale bila hata kusikia utamu wake.

Kisha nikafungua maji ya injini yatoke, na sikuangalia yanakoelekea. Kwa sababu ya mvua, mikeka ya wimbi ilikuwa imehamishiwa bandani, nyuma ya gari. Wimbi wa kesho. Nikasikia hatua. Nikaona miguu ya mama mkwe, na ukingo wa gauni lake la gomesi, imesimama karibu na kichwa changu.

Hapo kila mtu alijua la kufanya. Yeye ageuke arudi jikoni, mimi nijifiche, na jambo hilo lisitajwe tena milele. Niliona miguu ya Athieno nayo imeganda. Owora aliacha kufungua. Mvua tu ndiyo ilikuwa inasema juu ya mabati.

"Wewe Wandera!"

Mama yangu wee!

"Maji yako nakwenda kwa wimbi yangu! Huna macho? Ziba hapo! Upesi!"

Gunia kuukuu likanipiga kifuani. Nikaziba. Akavuta mikeka kwa nguvu, anasonya, ananung'unika, akanisukuma mguu kwa mguu wake. "Na hii mguu ndefu toa hapa! Samia wote wako na miguu kama korongo!" Owora akapasuka kicheko. Akafokewa na yeye. Tukafokewa wote wawili, kwa Kiswahili ili na mimi nielewe, mpaka wimbi ukafika salama upande wa pili wa banda.

Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akitaja jina langu. Sikujua hata kama analijua. Nilibaki chini ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Owora aliponiuliza kuna nini nikamwambia kutu imeingia machoni.

Tukanyanyua hedi. Nilifumba macho kwanza, nikayafumbua.

Ilikuwa ile kubwa. Ukingo wa gasketi ulikuwa umechomoza ndani ya silinda zote nne, kila mahali milimita mbili, na kwa muda ule mfupi tu ilipowashwa ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Owora alipitisha kidole polepole kwenye silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakumaliza. Akashika hendeli akitaka kuzungusha aone vizuri, nikapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Silinda za Pijo zimetumbukizwa tu ndani ya bloku kama vikombe. Ukizungusha injini hedi ikiwa nje, zinanyanyuka, na hapo tungekesha. Akatoa mikono kama aliyegusa moto.

"Kesho mama angekuwa ndani," akasema taratibu. "Mvuke inatoka, na mama iko ndani na kitambaa yake."

Nilikuwa nimengoja miaka kumwona Owora amekosea. Nilidhani nitajisikia mtu mkubwa sana. Nilimpa tu spana na kumwambia tuanze kusafisha, mvua isije ikatuchelewesha.

Tumefunga gasketi ya kweli, tumekaza nati kwa mpangilio wake, tumerudisha maji. Likawaka. Mzee akatoka, akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo, kama anayepima homa ya mtoto. Hakusema asante, kwao mzee hasemi asante kwa mkwe, anatazama tu. Alinitazama. Kisha akatangaza mipango ya kesho.

"Owora ataendesha."

Unaona mambo? Nimelala kwenye matope, nimevunja mwiko, nimeiokoa misa, na usukani anapewa Owora! Kijicho kilinirudia pale pale, kibichi kabisa, kama vile mchana kutwa hakijafanyiwa chochote. Mimi kwa kawaida ningefuata nyuma kwa gari langu, na suti, kama mgeni wa heshima. Nikaanza kusema kwamba hiyo ni sawa. Kutoka jikoni ikaja sauti ya mama mkwe, na haikupitia kwa mtu.

"Wandera takaa nyuma kwa pikapu na sufuria! Ashike vizuri. Mchele ikimwagika, mimi nampiga!"

Mzee alikohoa kuficha kitu. Athieno alicheka mpaka akakaa chini kwenye unyevu, na koti langu mkononi.

Nimerudi Busia peke yangu. Mwiko wa mkwe kulala usiku ukweni bado upo, huo hakuna aliyeugusa, na Athieno amebaki kupika. Saa hizi wako jikoni wote, wanachambua mchele na kusengenya, na Owora yuko katikati yao, najua, anaonja mboga kabla haijaiva. Nina wivu. Nilidhani kwa yaliyotokea leo utakuwa umekwisha, lakini nimeukuta umeningoja hapa nyumbani. Labda mtu haponi kijicho kwa siku moja. Labda haponi, anajifunza tu kufanya nacho kazi.

Athieno amenipigia simu sasa hivi, nikiwa naandika mstari huo. Nilisikia vyombo na vicheko nyuma yake.

"Mama anauliza kama umefika."

Nikamwambia nimefika.

Nikasikia sauti nyingine ikisema kitu kwa mbali, na Athieno akicheka kabla hajatafsiri. "Anasema kesho usituletee suti yako hapa. Sufuria zina masizi. Uje na nguo mbovu."

Nguo mbovu ninazo tele. Hakuna hata moja iliyowahi kufika Kirewa.